Wasanii Niliowatangaza, na Mmoja Ambaye Sikumuuliza

Vijana wangu wa redio, mliniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, nami nikakubali haraka kama mtu anayekubali kikombe cha chai. Kisha nikakaa majuma mawili na kalamu mkononi bila kuandika neno. Vyeo sitavieleza, nilipewa viwili, na vyote vilikuja na ufunguo wa kabati lisilofunga. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza habari za neno moja mnalolitumia asubuhi hadi jioni bila kulitazama usoni. Neno hilo ni msanii.

Niliingia kazini nikiwa msichana, binti wa muuza vitenge wa hapa Uvira, mwenye sauti ambayo mama yangu alisema inafaa kuitia mbuzi. Studio ilikuwa chumba kimoja. Ukutani tulipigilia vipande vya magodoro ya sponji, na juu yake tukatundika vitenge vya baba yangu vilivyofifia, ili mwangwi usitusumbue. Jogoo wa jirani alisikika hewani hata hivyo. Wasikilizaji walimzoea, na alipochinjwa siku ya Noeli watu watatu walikuja kuuliza kama anaumwa.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kalonda, mkuu wa vipindi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuja redioni na hakuacha ualimu hata siku moja. Alikuwa na sanduku la viatu lililojaa vipande vya karatasi ngumu alivyovikata kwenye maboksi ya sabuni. Kila kipande kilikuwa na neno, na chini yake maana zake kwa mwandiko wa chaki, yaani mkubwa na wa duara. Juma langu la kwanza sikugusa mashine. Nilisoma sanduku.

Kwa Papa Kalonda, msanii alikuwa kwanza mtu wa mikono. Anayefinyanga chungu, anayechonga mtumbwi kule Kalundu, anayesuka mkeka, hao ndio wenye sanaa. Baadaye neno likahamia kwa waimbaji na wapiga gitaa, likakaa huko kama mgeni aliyesahau njia ya kurudi kwao. Mwimbaji ana sauti. Mwanamuziki ana chombo, au angalau anamfahamu mwenye chombo. Mwigizaji anavaa maisha ya mwingine, mchekeshaji anavaa aibu yake mwenyewe. Mtumbuizaji ni yule anayekufanya usahau kwamba umekalia msumari. Mchezaji alikuwa neno la hatari, kwa sababu anacheza ngoma na anacheza mpira. Tulitangaza mchezaji bora wa mtaa, na uwanja ukajaa watu wa aina mbili, nusu wakitaka mabao na nusu wakitaka kiuno.

Wafanyabiashara waliovuka ziwa kutoka Kigoma walituletea maana nyingine. Kwao, ukisema fulani anafanya usanii, unasema anakudanganya kwa ustadi. Papa Kalonda aliandika na hiyo. Aliandika pia manju, kiongozi wa ngoma na nyimbo, na malenga, bingwa wa mashairi, maneno aliyoyakuta katika kamusi iliyotoka Pwani. Aliyapenda sana hayo mawili. Siku nilipomtangaza mzee mmoja wa Songo kuwa ni manju, mke wake alikuja redioni akiwa ameshika kandambili mkononi, kuuliza mume wake ameshtakiwa nini.

Siku yangu ya kwanza kwenye kipaza sauti aliletwa mzee kutoka Lubarika, mpiga inanga. Inanga ni ubao wenye nyuzi, unaupakata kama mtoto na kuusemesha taratibu. Nilifungua mashine, nikamkaribisha kwa furaha zote: karibuni tumsikilize mwanamuziki wetu. Mzee akaweka inanga chini.

"Dada, futa ile," alisema. "Minye haiko mwanamuziki. Banamuziki banapigaka mu bar, banalewa, banaacha batoto. Minye napigaka inanga. Baba yangu alipigaka, na baba yake."

Tulikuwa hewani. Hakuna kufuta. Papa Kalonda aliingia kwa kunyata, akamwinamia mzee, akaomba radhi mbele ya wasikilizaji wote, kisha akasema, "Huyu ni mupiga inanga wa Lubarika." Mzee akaichukua inanga yake. Alipomaliza kupiga, nilikuwa nalia, kwa sababu ya aibu kidogo na kwa sababu ya zile nyuzi zaidi.

Baadaye Papa Kalonda aliniketisha. Hakunikaripia. "Zaituni," aliniambia, "mbele ya kufungua mashine, uliza muntu: tukuite nani? Akikuambia, andika. Usimupatie muntu jina juu weye unalipenda."

Hiyo ikawa desturi yetu. Kabla ya kinasa sauti kuzunguka, swali. Majibu tuliyaandika kwenye daftari la jalada jeusi, na mtu alitangazwa kama alivyojibu. Mwingine alitaka aitwe artiste, kwa Kifaransa, hata kama alijua wimbo mmoja. Mwingine alitaka vedeti, yaani nyota. Mama mmoja wa kaswida alitaka aitwe "mke wa marehemu Haji" tu, basi, na tukamwita hivyo. Kulikuwa na kijana aliyechekesha watu hadi wakaumwa mbavu, na mama yake akaja kwangu ananong'ona kama anayeleta habari ya ugonjwa.

"Mama Zaituni, munisaidie. Mutoto wangu iko anatafuta bibi. Bakwe banasikia kila juma: muchekeshaji, muchekeshaji. Banauliza, huyu akisema anamupenda binti yetu, tutajua aje kama ni kweli?"

Tulimwita mwigizaji kwa muda wa miezi mitatu. Baada ya harusi alikuja mwenyewe kudai jina lake, na bibi arusi nyuma yake akicheka. Msidhani haya ni mambo madogo. Mtu akisikia jina lake redioni, na jirani analisikia, na mkwe analisikia, na mtu huyo ndiye atakayeishi nalo sisi tukishazima mashine.

Vyombo vilibadilika. Tulianza na kaseti, na penseli ya kuzungushia utepe uliolegea. Ukinikuta bila penseli siku hizo ujue nilikuwa mgonjwa. Baadaye ikaja simu inayonasa sauti, nyepesi kama biskuti, ambayo inasahau kila kitu ikizimika. Papa Kalonda hakuiamini. Alifariki kabla ya kuizoea, baada ya ugonjwa mfupi, na siku ya matanga mpiga inanga wa Lubarika alikuja kwa miguu akapiga mpaka watu wakaacha kulia ili wasikilize. Nilimpenda Papa Kalonda kuliko nilivyowahi kumwambia. Hata leo nikiona mwandiko wa duara moyo unaruka.

Sasa nifike kwa Mama Esperansi. Ningeweza kumruka. Mkubwa mmoja wa redio alinishauri nimruke. Lakini kumbukumbu za kazini bila kosa ni tangazo la sabuni.

Nilikwenda Kiringye kwa pikipiki kutengeneza kipindi cha mbegu za mpunga. Huko bondeni mpunga unapaliliwa na wanawake wakiwa wameinama mstari mmoja, na mstari una wimbo wake. Sauti moja inatoa, nyingine zinapokea. Ile iliyotoa siku hiyo ilikuwa ya mama mjane wa makamo, mrefu, miguu ndani ya tope hadi magotini. Aliimba kwa Kifuliiru, wimbo ambamo mwanamke anaubembeleza mgongo wake uvumilie mpaka mwisho wa mstari. Nilisimama kwenye tuta nikiwa na simu mkononi na nywele zimenisimama. Nilinasa wimbo wote. Dereva alikuwa anapiga honi, mawingu yamejaa juu ya milima, mto ukifurika hatutavuka. Nilimuuliza jirani yake jina, akasema ni Mama Esperansi. Nikapanda pikipiki. Swali la Papa Kalonda halikunitoka mdomoni. Nilikuwa na miaka mingi kazini, na miaka mingi ina kiburi chake.

Jumapili alasiri, katika kipindi changu cha muziki, nilimpa jina mimi mwenyewe. Nilimwita msanii. Nilimwita vedeti mpya wa bonde la Ruzizi. Na kwa sababu betri ya sola ilikuwa inaishiwa, nilipanga vitu haraka: kwanza bendi ya gitaa, kisha wimbo wake, kisha bila kupumua tangazo la konsere ya jioni kwenye baa moja ya Songo, wanamuziki wote mtawakuta huko, bia baridi. Nilirudi nyumbani nikijipongeza.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja aliingia redioni mwanamke kijana, muuza mchele wa sokoni, bado ana vumbi la pumba kwenye nyusi.

"Weye njo unasemaka Jumapili?" aliniuliza.

"Ndiyo mimi, dada. Karibu."

"Niko Esperansi. Mama yangu ni ule uliweka mu radio. Haimbake tena. Korale balimutosha. Kanisa balisikia ataimba mu bar ya Songo, balimuweka nyuma."

Mimi ni Mwislamu, sikujua maana ya kuwekwa nyuma. Esperansi alinieleza bila kunisemesha vibaya, na hilo liliniuma zaidi. Katika kanisa lao la Kiprotestanti, aliyekosea anatiwa nidhamu. Anatolewa kwenye kwaya, wao wanaiita korale, hashiriki meza ya Bwana, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango mpaka wazee waseme basi. Mama yake aliongoza kwaya ile tangu yeye Esperansi akiwa mgongoni. Wazee walipomuuliza alisema hajui habari ya baa yoyote, wao wakasema redio imetaja.

Kesho yake nilikwenda Kiringye. Nilimkuta anapeta mchele kwenye ungo. Alinitolea kiti, akaniletea maji, akaendelea kupeta. Nilitamani anitukane.

"Mama, mimi ndiye niliyekuharibia," nilisema. "Nisamehe."

"Nilikusikia mu radio," alisema. "Sauti yako iko muzuri. Lakini weye haukuniuliza. Ungeniuliza, ningesema: minye ni mulimaji. Nyimbo inatokaka juu kazi ni ndefu. Njo bile."

Nilimwambia nitazungumza na wazee arudishwe mbele. Akapeperusha pumba.

"Kule nyuma haiko mubaya," alisema. "Niko na batu. Iko kasichana kamoja, kalizaa mu nyumba ya baba yake, hakana bwana. Iko na muzee mwenye bibi wawili. Kuimba na kanisa haikatazwe, tunaweza. Lakini kule nyuma hakuna mutu anaimbaka, tuko na haya. Hata minye. Nafungua kinywa, sauti inakataa. Hata mu shamba inakataa." Akaweka ungo chini. "Njo inanitesa. Si benchi."

Nilikuwa nimeichukua sauti ile kwenye simu, nikaiondoa kwa mwenyewe. Nilimuuliza, kwa kuchelewa kwa miezi mitatu, tumwite nani. Alisema nitaje jina lake na kwamba analima Kiringye. Mengine niache.

Mchungaji alikuwa mzee mpole mwenye koti linalompwaya. Nilimwahidi kusahihisha hewani Jumapili hiyo hiyo, saa ile ile. Alitikisa kichwa.

"Fanya, ni muzuri. Lakini radio haiko na macho, mama. Ilisema, ikaenda. Ukishamaliza, kuya hapa kanisani. Batu bakuone."

Kwao ndivyo ilivyo: aliyemkosea mtu mbele ya watu, anasimama mbele ya watu hao hao. Nilisahihisha hewani. Jumapili iliyofuata nikamwachia mwenzangu kipindi, nikajifunga ushungi wangu mzuri. Kaka yangu aliniuliza kama sasa nahamia kanisani. Nikamwambia naenda kuomba radhi, na radhi huombwa alipo aliyekosewa. Akanung'unika, kisha akanitafutia dereva mwenyewe, tena asiyekimbia.

Nilifika wameshaanza, nikakaa benchi la mwisho. Kati yangu na Mama Esperansi alikuwa yule msichana, anaweza kuwa na miaka kumi na minane, mtoto kalala kifuani. Mzee wa wake wawili alikuwa pembeni anatazama kofia yake. Walikuwa wanaimba kanisa zima, na benchi letu lilikuwa kimya.

Nilipoitwa, nilikwenda mbele nikawageukia. Niliwaambia nilivyofanya. Sikumuuliza mama huyu tumwiteje. Nilimpa jina la kunipendeza mimi. Nilimweka kati ya gitaa na bia. Hakuna mtu wa baa aliyewahi kumjua, na baa yenyewe hata mimi naijua kwa tangazo tu. Kina mama walicheka kidogo, wakaziba midomo. Nikasema nimemkosea, na nimewakosea na wao, nikarudi benchi letu nikakaa.

Mchungaji alichukua muda kusimama. "Tumekusikia," alisema. "Tumekusamehe. Na siye tulimukosea. Tuliuliza radio, hatukumuuliza mama vizuri. Alijibu, hatukuamini." Wazee wawili walitazama chini. "Mama Esperansi, yote imeisha. Rudi fasi yako."

Mbele, wanakwaya walisogea, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Mama Esperansi alisimama.

"Aksanti, pasta. Aksanti ninyi bote," alisema. "Lakini kule mbele beko bengi. Nitabakia huku."

Mzee mmoja wa kanisa akafungua kinywa kueleza kwamba benchi lile ni la nidhamu, si la kuchagua. Mchungaji akamwinulia mkono. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo kwaya ikaanza kuimba, kama kwaya zinavyofanya watu wanapokosa la kufanya. Kiongozi wao mpya, binti mwenye bidii, alianza juu mno. Kwenye ubeti wa pili wanaume walikuwa wameshindwa, na wanawake wanapanda kama watu wanaopanda ngazi iliyokatika.

Nilimtazama Mama Esperansi. Alishika benchi la mbele yetu kwa mikono miwili. Akafungua kinywa, hakukutoka kitu. Akafunga. Niliomba Mungu, kwa maneno ninayoyajua mimi, na nadhani siku hiyo alinisikia kupitia mlango wa jirani. Akafungua tena. Sauti ilitoka ikiwa na kutu, chini kabisa, pale ambapo wimbo ulipaswa kuanzia tangu mwanzo. Hakuipandisha. Aliishikilia tu hapo, kama wanavyoshikilia mstari kwenye mpunga, wengine wapate pa kukanyaga.

Binti kiongozi alisikia, akanyamaza, akageuka. Kwaya nzima ikageuka kutazama mlangoni, na watu wakageuka kwenye mabenchi yao. Mzee wa wake wawili akaingia kwa sauti ya besi ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Mchungaji alibaki peke yake anatazama migongo ya watu. Akainuka, akashika kiti chake kilichokuwa kimetazama mimbari, akakigeuza kitazame mlango, akakaa.

Simu yangu ilikuwa mkobani, imezimwa. Sikuitafuta.

Msichana wa kati yetu alikuwa anatikisa midomo bila sauti. Ubeti ulipoanza upya, alimtoa mtoto kifuani, akanipa mimi.

"Mama, munishikie kidogo," alisema, akasimama aimbe.